Dari Jipya la Ukumbi wa Bwana Makalista

Kihesa, Iringa
Jumatano, 17 Julai 2024

Kwa dada yangu Faustina,
Iyunga, Mbeya.

Kamwene, dada. Na kamwene tena, maana salamu ile ya kwanza najua umeipokea kwa kununa. Mgongo unaendeleaje na baridi hii? Shemeji Isakwisa hajambo? Migomba yake imenusurika na upepo? Sisi huku tu wazima, Mungu anatutunza, isipokuwa baridi ya mwaka huu ni ya kusimulia wajukuu. Juzi maji ya mbuzi yaligandia kwenye karai, mbuzi akayalamba akidhani ni jiwe la chumvi, na ulimi ukanasa mpaka nikaja kuumwagia chai. Kama unabisha, waulize majirani zangu, walishuhudia.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana, nikaazima na simu ya jirani. Ukasikia sauti yangu ukakata. Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza jambo moja tu: mchoro wa kukarabati ukumbi wa kanisa ni wa mwanao Tusekile, au si wake? Na ukasema nisikutafute mpaka nijibu ndiyo au hapana. Nitajibu, dada. Lakini mambo yenyewe ni makubwa kuliko ndiyo na hapana, na wewe unanijua tangu nanyonya, mimi siwezi kuinua ukuta bila kuchimba msingi. Kwa hiyo vuta kiti, mwambie shemeji apunguze redio, usome mpaka mwisho.

Kwanza nikwambie kwamba nimechoka na watu. Mtu unafanya kazi ambayo toka Makambako mpaka Dodoma hakuna fundi wa kuifanya, halafu kila unayekutana naye njiani anakutazama kama umeua. Hata Juzer, yule wa duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ambaye nimenunua kwake mifuko ya jipsamu mpaka akabadilisha gari, sasa ananitania mbele ya wateja. Anasema serikali iweke mlinzi kwenye jiwe la Gangilonga, la sivyo Fundi Sosthenes atalipiga plasta na rangi ya maziwa. Watu wanacheka. Na mimi nacheka, ila moyoni kunawaka.

Wewe uliolewa zamani ukahamia Mbeya, pengine ule ukumbi wa usharika wetu wa Mawe Matatu umeanza kukutoka kichwani. Acha nikukumbushe, maana kesi yote iko pale. Ni ule tuliofundishwa kipaimara, alioujenga Bwana Makalista, yule mmisionari Mskoti aliyekaa hapa baada ya Wajerumani kufukuzwa. Kuta za mawe ya kuchonga, nene kiasi kwamba mtoto analala kwenye kizingiti cha dirisha na habanwi. Madirisha membamba, marefu, juu yamechongoka kama mkuki wa Mhehe. Sehemu ya kuwashia moto ukutani, kama vile ukumbi ni jiko. Na paa limesimama wima hata kunguru akitua anateleza. Babu yetu alikuwa mmoja wa waliopasua mbao za paa lile, na mimi nimewaambia watu mara nyingi kwamba boriti moja aliipandisha peke yake kwa kichwa, ndiyo maana ukoo wetu tuna shingo fupi.

Lakini shani ilikuwa ndani. Hapakuwa na dari, unakumbuka? Kenchi zote, zile mbao zinazobeba paa, zilikuwa wazi, mininga mitupu, imepinda kutoka ukuta huu na ukuta huu mpaka ikakutana juu. Ukilala chali kwenye benchi ni kama umemezwa na ng'ombe na unaziona mbavu zake kwa ndani. Msumari hakuna hata mmoja. Zimeshikana kwa vigingi vya mbao. Na kila ncha ya boriti ilikuwa inaning'iniza kitu kilichochongwa, mviringo wenye miiba miiba, ambacho sisi sote tulikiita nanasi. Wewe ulipewa adhabu na mwinjilisti kwa kuyahesabu mananasi wakati wa sala.

Sasa basi. Mwezi wa tatu mchungaji akasoma tangazo kwamba marafiki zetu wa Uskoti, kutoka mji aliozaliwa Bwana Makalista, watakuja mwezi wa saba. Mji wenyewe jina lake linaanza kwa kikohozi na kuishia kwa kikohozi, sitaliandika. Wakasema wana hamu ya kuuona ukumbi, na hasa paa lake.

Hebu nikuulize wewe mwenyewe. Mgeni akikutumia salamu kwamba anakuja kwako na hamu yake ni kuona paa, utaelewaje? Mzee Adrian, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, yule aliyestaafu kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo na mpaka leo anatembea na kalamu mfukoni kama anasubiri kusaini kitu, alielewa vilevile tulivyoelewa wote. Alisema hakuna binadamu anayevuka bahari kuangalia paa zuri. Wamesikia limezeeka, wanakuja kutuona tulivyo wavivu. Akauliza ni nani kati yetu anayempokea mgeni kwenye nyumba yenye masizi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kwetu hapa mgeni akisema anakuja, unapaka chokaa hata banda la kuku, wewe unajua. Tukakubaliana: dari jipya la jipsamu, kuta zipigwe plasta, sakafu ya mbao ifunikwe marumaru, madirisha yawekwe alumini. Wageni wakute ukumbi mpya kabisa, washangae.

Watu wote wakatazama upande wangu, kama ilivyo kawaida panapotajwa kazi ngumu. Isipokuwa Adrian. Yeye akakumbusha habari za jukwaa la kwaya nililolijenga mimi. Dada, lile jukwaa lilikaa chini kidogo tu, na lilikaa chini kwa sababu sauti ya pili wote ni wanene na waliruka kwa pamoja kwenye pambio. Lakini Adrian akalieleza kana kwamba lilizika watu. Akasema safari hii kazi hii kubwa haipewi mtu bila mtaalamu aliyesoma kuipitisha, ama sivyo atatafutwa fundi mwenye cheti kutoka mjini.

Hapo ndipo nilipompigia Tusekile. Nani mwingine? Msanifu majengo wa ukoo mzima ni yeye, na ubao wake wa kwanza wa kuchorea niliutengeneza mimi kwa mikono hii. Mtoto akaja, hakuchelewa, akapanda basi la asubuhi kutoka Mbeya. Nikampeleka ukumbini nikiwa nimevaa koti. Akaingia, akavua viatu, akalala chali sakafuni katikati ya ukumbi, na lile gauni lake la kazini. Akakaa pale chini muda mrefu nikaanza kuogopa kwamba amezimia. Alipoinuka nilimpa mchoro wangu, ambao nilikuwa nimeuchora nyuma ya kalenda, akautazama kwa heshima, akanirudishia. Sitaandika hapa alichosema. Nitafika.

Kazi nikaipata. Na dari lile, dada, hata leo nikiwa nimelikasirikia, siwezi kulisema vibaya. Limelala sawa kama maziwa kwenye beseni. Katikati nimeweka duara ndani ya duara, taa zimezama humo zinatazama chini kama macho ya paka. Kona zote zina nakshi. Mchungaji alipoingia mara ya kwanza alivua kofia, na kofia hakuwa nayo, akashika nywele. Kulikuwa na tatizo moja dogo. Yale mananasi yalishuka chini ya usawa wa dari, yangetokeza kama vidole kwenye soksi iliyotoboka. Adrian akasema kata. Nikakata. Moja tu lilibaki, la kona ya jukwaani, kwa sababu lilikuwa karibu na boksi la umeme, na mimi na umeme hatuelewani. Pale nikapinda jipsamu kulizunguka.

Wageni wakaja wiki iliyopita, siku ya Jumamosi. Kwaya iliimba, vumbi lilipanda, akina mama walipiga vigelegele. Mkubwa wao ni bibi mmoja anaitwa Mama Margreti, mwembamba, mweupe nywele mpaka nyusi, ambaye maisha yake yote kazi yake kule kwao ilikuwa kuponya majengo ya zamani. Hivyo ndivyo mchungaji alivyotafsiri, kuponya. Alikuja na begi la vyuma, futi za kila aina, na kamba, na kitu cha kupimia kwa mwanga. Tukamkabidhi mkasi, akakata utepe. Tukafunua jiwe la uzinduzi, akalisoma, akatabasamu. Tukamfungulia mlango.

Akaingia, akatazama juu. Akatazama chini kama mtu aliyedondosha kitu, akatazama juu tena. Halafu akamuuliza mchungaji, taratibu, paa liko wapi. Adrian akawahi kujibu kwamba paa ndilo hilo, ni jipya, limefanywa kwa heshima yake. Mama Margreti akatafuta kiti, kile cha plastiki chenye kitambaa cha arusi, akakaa. Watu wakapiga makofi wakidhani amezidiwa na furaha.

Kumbe, dada, mambo yalikuwa hivi. Huko kwao kuna ukumbi ambao ni pacha wa huu wetu. Ule ndio mkubwa, huu ndio mdogo. Ule aliujenga baba yake Bwana Makalista, mwashi wa mji ule, na Makalista alipokuja huku akajenga wetu kwa kuukumbuka wa kwao, jiwe kwa jiwe, mbavu kwa mbavu. Mama Margreti alitoa picha. Nikauona. Mawe yaleyale, ila yao ni meusi kwa mvua. Madirisha yaleyale ya mkuki. Paa lilelile la wima, ambalo kule lina maana, kwa kuwa theluji inaanguka na lazima iteleze. Huku theluji tunaisikia tu, ingawa babu aliniambia Bwana Makalista aliwahi kuiomba kwa sala, na siku moja ikaanguka Iringa mpaka magotini, ikasimama pale pale barabarani kuuliza njia, ikaondoka.

Na picha iliyofuata ilikuwa ya juzi juzi. Ukumbi wao umeungua. Kuta zimesimama, madirisha yamesimama, ndani ni mbingu tupu. Kenchi zote ziliteketea, na mchoro haukuwahi kuwepo, maana yule mwashi alijenga kwa kichwa chake. Wao wameapa kurudisha paa kama lilivyokuwa, lakini hakuna aliye hai anayejua lilishikanaje. Ndipo wakakumbuka kwamba Makalista alijenga jingine Afrika. Paa la kwao limebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo ni Mawe Matatu. Ndiyo maana ya lile begi la vyuma. Walikuja kupima.

Adrian, badala ya kunyamaza, akasema kama ni hivyo basi hata wao waweke jipsamu, haiungui upesi. Na mimi, sijui nini kilinipata, nikaongeza kwamba nina hati ya kusafiria na ninaweza kwenda kuwawekea. Mchungaji alikataa kuyatafsiri yote mawili.

Bibi yule ana moyo, nampa haki yake. Alisimama, akaomba aoneshwe jengo kwa nje. Nikamzungusha mimi. Nikamweleza kwamba ukumbi huu mwezi wa sita na wa saba ni baridi kuliko nje, watu wa kipaimara wanatetemeka kama wana malaria, na wazee walikuwa wanasema kuna mzimu. Akatazama jua, akatazama madirisha, akacheka kwa mara ya kwanza. Akaeleza kwamba kule kwao jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo baba wa Makalista aliweka madirisha yale marefu kusini, ukumbi uote jua. Mtoto wake akafanya vilevile huku, na huku wakati wa kipupwe jua linapita kaskazini. Miaka yote hiyo madirisha yetu yamegeuzia jua kisogo. Nilimwambia kwamba nilikuwa najua. Sikuwa najua, dada.

Halafu akauliza habari za vile vitu vilivyochongwa. Alitoa picha ya zamani ya kwaya yao, nyuma ya vichwa vya watu vinaonekana kwa ukungu. Akasema ni ua la taifa lao. Mananasi yetu yote ni ua la mbigili, dada, ule mmea wa miiba unaotuchoma miguu shambani; watu wazima kabisa wameuweka kwenye nembo zao na hela zao. Akasema vile vya kwao vimekuwa majivu, na kila kimoja kilichongwa tofauti na mwenzake, na angependa hata kuvishika tu vya kwetu, kama tumevihifadhi.

Nikageuza uso upande wa jikoni. Moshi ulikuwa unapanda vizuri. Akina mama walikuwa wamekuta kuni kavu zimelundikwa nyuma ya ukumbi, mninga wa miaka mia, unaowaka bila kupulizwa. Tukaketi kula. Mama Margreti akasifu wali, akasema una harufu nzuri ya moshi ambayo hajawahi kuionja.

Siku ya pili yake wakaondoka kwenda Ruaha kutazama tembo, na watarudi Jumanne ijayo kuaga. Kabla ya kupanda gari, Mama Margreti alirudi kwenye lile jiwe la uzinduzi akalipiga picha, akaomba namba ya mtu ambaye jina lake limeandikwa pale chini, aongee naye. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa masikitiko ya kistaarabu, ambayo bora matusi. Jiwe linasema, kama ulivyoona kwenye picha zilizozagaa: Mchoro na Usimamizi, Msanifu Tusekile Isakwisa. Na picha ile haikukaa. Kundi la kwaya la watsapu likawapa akina baba, akina baba wakawapa wa Mbeya, mpaka ikafika kwa bosi wa Tusekile. Na wewe umenieleza kilichofuata: ile nyumba ya zamani ya misheni aliyokuwa akabidhiwe kuisimamia, ameondolewa, kwamba mtu anayeweza kufunika kenchi kama zile kwa jipsamu hafai kusogezwa karibu na jengo la kihistoria. Amekana, hawakumwamini. Amekana na nyumbani, na shemeji akamfokea kwamba anamfanya mjomba wake mwongo.

Huku nako kila mtu anageuka. Adrian sasa anasema yeye siku zote alizipenda zile mbavu. Mchungaji anahubiri unyenyekevu akinitazama mimi. Akina mama wa jikoni wananiuliza kwa nini sikuwaambia zile kuni ni za maana, kana kwamba mimi nilijua kwamba miiba ni ua. Nimekuwa jalala la usharika, dada. Nimekaa siku zote hizi nimekasirika na Adrian, nimekasirika na Waskoti kwa kutosema waziwazi walichotaka, nimekasirika na Bwana Makalista kwa kutochora. Jana nilipomaliza kuwakasirikia wote nikakuta amebaki mtu mmoja.

Sasa swali lako. Hapana. Si wake.

Aliponyanyuka pale sakafuni, Tusekile aliniambia hivi: mjomba, hapa pasiguswe. Alisema nizoe masizi, nioshe madirisha, nizibe pale panapovuja karibu na mlango, basi. Alisema hata msumari mmoja usipigwe kwenye mbao zile, na kama wageni wanataka kuona paa, tuwaache waone paa. Nilimwuliza kama anataka niende nikamwambie Adrian kwamba Fundi Sosthenes amepewa kazi ya kufagia. Akasema ndiyo, na kwamba kufagia vizuri nako ni ufundi. Tukaagana vibaya pale stendi. Alinipa mkono, nikaangalia pembeni.

Jioni ile kamati ikakutana. Adrian akauliza mtaalamu amesemaje. Nilikuwa na ile kalenda mkononi. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba mpwa wangu ameona, ameridhia, na mchoro huu tumeusahihisha pamoja, yeye ndiye mwenye kusimamia kwa simu kutoka Mbeya. Wakapiga makofi, dada. Msichana wa ukoo wetu, wakasema, ameturudishia wema. Yalikuwa makofi ya jina lake, nikayapokea mimi kama yangu. Baadaye walipotengeneza jiwe waliniuliza jina liandikweje, nikawatajia herufi kwa herufi. Na wewe uliponipigia mara ya kwanza nikakwambia alikubali kwa mdomo tu, hakuna karatasi. Nilijua mtoto anabishana na baba yake nyumbani kwenu kwa ajili ya ukweli, nami nikanyamaza, nikala, nikalala.

Jana nimekwenda kwa mchungaji nikamweleza yote. Jumapili baada ya matangazo nitasimama mbele niyaseme mwenyewe, Adrian akiwepo na kalamu zake. Jina la Tusekile nimelitoa kwenye jiwe kwa tindo. Pamebaki kovu, na nimesema pasizibwe. Mama Margreti nitamweleza Jumanne, pamoja na habari za kuni, ingawa sijui mchungaji atatafuta neno gani la Kiingereza la kuzitamkia.

Kenchi zipo, dada. Juu ya jipsamu zote zipo, na vigingi vyake, isipokuwa zile ncha. Nilizifunika tu. Dari linaweza kushuka kabla ya Jumanne na wale watu wakapima mbavu zote, na ile mbigili moja ya kona ya jukwaani wakaishika. Lakini mimi papi za kushikilia dari nilizipigilia kwenye mbao zilezile alizonikataza, misumari mingi, na nikiing'oa kwa hasira nitapasua mbao. Najua kuweka. Kuondoa bila kuumiza sijawahi kufanya, na hapa Iringa simjui wa kumwuliza. Mwambie Tusekile kwamba ngazi ipo, mirunda ipo, mtu wa kupanda yupo. Simwamuru kuja, sina uso huo. Akija, atasema ung'olewe msumari upi kwanza nami nitang'oa huo. Asipokuja nitamwelewa, na Mama Margreti ataambiwa ni kwa nini.

Maneno yanayofuata nimeyaandika kwenye ukurasa wa peke yake ili uukate umpe, naye ampelekee bosi wake:

Mimi, Sosthenes wa Kihesa, Iringa, fundi, natamka kwamba kazi yote ya dari, plasta, marumaru na madirisha katika ukumbi wa usharika wa Mawe Matatu, kuanzia wazo, mchoro, mpaka msumari wa mwisho, ni yangu mimi mwenyewe. Niliifanya kwa akili yangu. Sikusaidiwa na mtaalamu yeyote, na aliyenikataza sikumsikiliza.

Wewe unajua, dada, ni mara ngapi nimesema maneno kama hayo mbele za watu: kazi yote yangu, sikusaidiwa na mtu. Nilisema kwenye nyumba ya mama, ambayo shemeji ndiye aliyepima msingi. Nilisema kwenye darasa la Kihesa, ambalo nilibeba matofali tu. Safari hii ndiyo mara ya kwanza nayaandika, na ndiyo mara ya kwanza ni ya kweli.

Nisalimie shemeji Isakwisa, umwambie mtoto wake hakudanganya, na amwombe radhi kabla yangu kwa kuwa yuko karibu. Wasalimie majirani wa Iyunga wanaonikumbuka. Mgongo wako usiuache na baridi, funga kitenge kizito. Barua hii nampa Rabson, dereva wa lori, ameahidi kuifikisha mlangoni kwako kesho. Simu yangu iko wazi, lakini sitapiga. Nitasubiri mpaka upige wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Sosthenes